Tonge Ndani ya Jani la Mgomba

Mwanahamisi alikuwa amefunga siku sita mfululizo, na Ramadhani ilikuwa bado miezi mitano. Asubuhi ya siku ya saba, alipoteremka mtoni kujaza kibuyu chake, alikuta maji yamemeza vidato viwili vya udongo ambavyo jana yake alivikanyaga. Mto ulikuwa mwekundu, umebeba migomba iliyong'oka na mizizi yake. Ng'ambo, pale mamba walipozoea kuota jua, hapakuwa na ukingo tena, na hakuna aliyejua mamba wenyewe wamehamia wapi.

"Usisogee," ilisema sauti nyuma yake. "Simama hapo hapo. Nipe kibuyu."

Hakugeuka. Sauti hiyo angeitambua hata katikati ya ngoma. Hiribae alikichukua kibuyu, akakifunga kwenye ncha ya upondo, mti wa kusukumia mtumbwi wake, akakitumbukiza majini kwa mbali huku yeye amekanyaga pakavu. Alikuwa mrefu, mabega yamejaa kwa kazi ya upondo na jembe, na alikuwa na desturi ya kuinamisha kichwa kidogo anaposema na mtu, kana kwamba urefu wake ni kosa analotaka asamehewe. Mwanahamisi aliyatazama mabega yale muda mrefu kuliko ilivyohitajika kujaza kibuyu kimoja.

"Mama ameamka na nguvu," Hiribae alisema. "Amesema ni leo."

"Leo nini?"

"Tonge. Amemwita ami Kuno na majirani. Baada ya swala ya Ijumaa atakulisha mbele yao. Anasema amechoka kuingoja saumu yako."

Kijijini pale, mwendo kidogo juu ya Garsen, nikaha ilikuwa kazi ya shekhe, lakini mke alifanywa na mkwe. Mama wa mume alimlisha mchumba tonge la kwanza kwa mkono wake, kisha mchumba akanywa maji ya mtungi wa nyumba. Akishakunywa, hata mkwe akijuta namna gani, hawezi tena kumrudisha kwao.

Na Mwanahamisi hakuwa mchumba wa mtu. Alikuwa mwanamke wa kikapu.

Mto mzima, kutoka Kipini hadi Ndera, ulikijua kikapu kile cha ukili chenye kifuniko chekundu. Bi Mwanasiti wa Kipini, mwenye minazi mingi, alikufa kwa uvimbe wa titi uliopasuka ukawa donda, ule ugonjwa ambao wasomi huuita saratani. Alipoona waganga wamechoka na jamaa wamekimbia harufu, aliiweka minazi yake wakfu: mapato yake yanunue mafuta, asali, marashi, nguo laini na kasumba kidogo ya kutuliza maumivu, na yamlishe mwanamke mmoja wa kwenda kuketi na kila mgonjwa wa maradhi yale aliyekatiwa tamaa. Si kumponya. Kumstarehesha tu, asife kama mnyama. Mwanahamisi ndiye aliyemkanda Bi Mwanasiti miguu hadi siku ya mwisho, naye, kama wenzake wachache wa kikapu, aliapishwa: asile wala asinywe cha nyumba ya mgonjwa, mpaka mgonjwa apone au roho itoke. Marehemu alizijua ndimi za watu. Mhudumu akila cha mgonjwa leo, kesho itasemwa amemharakisha ale na urithi.

Kazi njema, lakini ilikuwa na kivuli chake. Kwa kuwa kikapu hakiji mpaka waganga wameinua mikono, watu walikiona kama ndicho kinacholeta mauti. Kikipita, akina mama huvuta watoto ndani. Kwa miaka minane hakuna mwanamume aliyemtazama Mwanahamisi mara mbili.

Hadi Hiribae alipokuja Kipini kumwombea mama yake mhudumu. Walipanda mto siku tatu, yeye akipiga upondo, na kila jioni kabla hajagusa chakula chake alimwuliza, "Wewe umekula?" Swali dogo tu. Mapenzi hayana adabu. Humwingia mtu akiwa na kazi nyingine mkononi. Siku ya tatu Hiribae aliposema, "Mama akikiona kikapu atakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa. Tukifiche. Nitasema wewe ni mchumba wangu, umekuja kumwuguza mkweo," Mwanahamisi alijua anapaswa kukataa. Alikubali. Kikapu kikaingia ghalani chini ya miganda ya mpunga, naye akaanza kufunga saumu asizofunga.

"Kula," Hiribae alimwambia sasa, akimpa kibuyu. Vidole vyao viligusana, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa. "Tonge moja tu. Mimi silitaki liwe la uongo, Mwanahamisi. Wallahi silitaki."

"Nimeapa."

"Umemwapia mtu aliye kaburini. Nani atajua?"

"Mkono wangu utajua. Mkono huu ninaompakia mama yako mafuta." Alimeza mate. "Nikila, kikapu si changu tena, siwezi kukigusa. Alasiri maumivu yakimjia, nani atampa dawa?"

"Mimi. Nionyeshe tu."

"Kasumba si asali, Hiribae. Ikizidi punje moja, halali akaamka. Ikipungua, kilio chake utakisikia ng'ambo ya mto. Utaweza kuishika?"

Hiribae aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Basi chagua," Hiribae alisema kwa hasira, na papo hapo uso ukamwanguka. "Hapana. Usichague. Nisamehe."

"Nioe baadaye."

"Baadaye lini?"

Wote wawili walijua baadaye hiyo ina maana gani, na aliyekuwa akilala ndani ya nyumba ile ya nyasi alikuwa mama yake Hiribae.

*

Mama Hawa alikuwa ameketi akiegemea mto wa sufi, amejifunga leso yake safi. Ugonjwa ulikuwa umemla nyama zote ukamwachia macho na ulimi.

"Njoo, mkwe wangu mwenye saumu," alisema. "Njoo unipake yale mafuta yako. Hivi huko Kipini mabibi harusi wote wana dhambi nyingi hivyo, hata wafunge wiki nzima?"

"Ni nadhiri, mama."

"Nadhiri ya nini?"

"Ya kumwomba Mungu akupunguzie maumivu."

"Basi Mungu amekusikia, maana siku hizi nalala." Mama Hawa alifumba macho Mwanahamisi alipoanza kumkanda nyayo kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. "Una mikono mizuri. Marehemu dada yangu angeipenda. Yeye alikufa na mwanamke wa kikapu kando ya kichwa chake. Nilikuwa mlangoni, sikuthubutu kuingia. Nilikiogopa kile kifuniko chekundu kuliko nilivyomwonea huruma dada yangu. Unaona ubaya huo?"

Mikono ya Mwanahamisi ilisita. "Yule mwanamke alimfanyia nini, mama?"

"Sijui. Sikuingia." Alifumbua macho. "Mbona umeacha?"

Maneno yalimfika Mwanahamisi kooni. Angeyasema pale pale, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini Mama Hawa alianza kuhesabu majina ya wajukuu, kama wa kwanza ni mvulana, kama wa kwanza ni msichana, na maneno yakarudi yalikotoka.

*

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwanahamisi iliishia nyuma ya ghala.

Wanaume walikuwa wamekwenda kuswali. Njaa ilikuwa ikimkwaruza, na mchana ule alihitaji miguu yake isitetemeke. Alijipenyeza ghalani, akafunua miganda, akatoa tende zake za Kipini na kipande cha mkate mkavu. Alikuwa kwenye tende ya tatu mlango ulipofunguka.

Mzee Kuno hakwenda msikitini siku hiyo. Goti lilimsumbua, au ndivyo alivyosema. Alikuwa ndugu mdogo wa marehemu baba yake Hiribae, na tangu mwanzo hakumtaka msichana wa pwani asiyejulikana kwao wala ukoo wake. Alikuwa na binti wa shemeji yake aliyemtunzia Hiribae tangu walipokuwa wadogo.

"Ahaa," alisema. "Bibi harusi anafungua mapema."

Kisha macho yake yakashuka, yakaona kifuniko chekundu, na kejeli yote ikamtoka usoni.

"Siku saba," alinong'ona. "Siku saba umekilaza hiki ndani ya chakula chetu."

"Ami, nisikilize kwanza..."

"Usiniite ami!"

Alikishika kikapu kwa ncha ya fimbo yake, kwa kuwa hakuthubutu kukigusa kwa mkono, akakibeba hivyo hivyo kikining'inia hadi ndani kwa mgonjwa. Mwanahamisi alimfuata akikimbia. Majirani walikuwa wameanza kuketi. Hiribae alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Mama Hawa alikuwa na sahani mapajani, wali na samaki, na tonge tayari mkononi.

Fimbo iliinama, kikapu kikaanguka katikati ya mkeka. Mwanamke mmoja aliruka kama aliyekanyaga nyoka, akatoka nje asigeuke nyuma.

"Huyo ndiye mkweo, Hawa," alisema Mzee Kuno. "Mtazame vizuri."

Mama Hawa alitazama kikapu, si mtu. Alikitazama kwa muda mrefu, na nje mto ulisikika ukivunja udongo wa ukingo, kipande kwa kipande.

"Hiribae. Ni chenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kilikaa wapi?"

"Ghalani."

"Chini ya mpunga wangu."

"Nilikuogopea, mama. Sikutaka uogope."

"Mlinificha kifo changu kana kwamba ni cha jirani!" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini hakuna aliyethubutu hata kukohoa. "Mimi hapa napanga majina ya wajukuu, nyinyi mnanitazama. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Hukulijua hilo, mtoto wangu niliyekuzaa?"

Hiribae alipiga magoti. Mama yake hakumtazama. Aliunyoosha ule mkono wenye tonge kuelekea kwa Mwanahamisi, mkono uliokonda hata bangili ikateleza hadi kwenye kiwiko.

"Wewe, mwanamke wa Kipini. Sikiliza. Kama wewe ni mkwe wangu, fungua kinywa. Kama wewe ni wa kikapu, fungua kikapu. Sitaki viwili tena nyumbani mwangu."

Mwanahamisi alimtazama Hiribae. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na yalikuwa yakimwomba, waziwazi, mbele ya watu wote, bila haya. Kula. Alilisikia neno hilo ingawa midomo yake haikutikisika. Alilitaka tonge lile. Hajapata kutaka kitu duniani kama alivyotaka wali ule uliopoa.

Kisha akamtazama mwenye mkono, akaona jasho jembamba juu ya mdomo wake, na jinsi bega la kushoto lilivyopanda kidogo kuelekea sikioni. Siku saba zilimfundisha alama hiyo. Maumivu ya alasiri yalikuwa yameanza, na leo yamewahi.

Akapiga magoti akafungua kikapu.

Nyuma yake alisikia Hiribae akisimama, na hatua zake zikitoka nje. Hakugeuka, angegeuka asingeweza kupima punje ile ya kasumba. Aliikoroga ndani ya asali, vidole vikiwa imara, machozi yakimdondoka kidevuni.

"Nyote ni mashahidi," Mzee Kuno alisema mlangoni, akiwatazama waliobaki mmoja mmoja. "Huyu ameingia kwa uongo. Mgonjwa akifa mikononi mwake, msije kuniuliza nitasema nini."

Watu walitawanyika. Mama Hawa alilamba asali. Aliacha apakwe mafuta, aoshwe donda, afunikwe kwa ile nguo laini ya wakfu. Bega lake lilishuka taratibu.

"Kwa hiyo hivi ndivyo dada yangu alivyofanyiwa," alisema mwishowe.

"Ndivyo, mama."

"Na mimi nilisimama mlangoni." Tonge bado lilikuwa mkononi mwake. "Unampenda mwanangu?"

"Nampenda."

"Alikuwa akikutazama. Nimeona. Na bado umefungua kikapu."

"Ulikuwa unaumwa, mama."

Mama Hawa alimwangalia kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukinunua. "Kiapo chako kinaisha lini?"

"Mgonjwa akipona," Mwanahamisi alisema, "au roho ikitoka."

"Nipe kipande cha jani la mgomba. Lile la kufunikia sahani."

Alilifunga tonge ndani ya jani, akalizungushia vidole vyake, mkono akauweka chini ya mto.

*

Asubuhi Mwanahamisi alikuta kibuyu chake kizingitini, kimejaa. Hiribae alikuwa ameketi nje ameegemea ukuta, macho mekundu, nguo zimelowa hadi magotini.

"Maji yamefika kwenye migomba," alisema bila kuinua uso. Kisha: "Umekula?"

"Tende."

"Zimebaki ngapi?"

"Za leo zipo."

"Nilitoka jana kwa sababu ningekaa ningekuchukia," alisema. "Nimekesha nikijaribu kukuchukia. Nimeshindwa."

Mwanahamisi alitaka kumgusa kichwa. Badala yake alikiinua kibuyu, akarudi ndani, kwa kuwa Mama Hawa alikuwa ameanza kuita, na leo alikuwa akimwita dada yake.

Alifariki alasiri hiyo hiyo, bila kelele, kichwa chake mapajani mwa Mwanahamisi, mwanawe amemshika miguu, asali bado kwenye kona ya mdomo. Hiribae alimfumba macho. Mzee Kuno alikuwa ameingia na wanawake wawili wa jirani, akasimama pale kwenye mtungi wa maji, fimbo mkononi, akitazama kila kinachofanyika.

Maiti hunyooshwa kabla haijakakamaa. Mwanahamisi aliunyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa chini ya mto, nao ulikuwa umefumbwa. Alivifungua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anavyofunguliwa mtoto aliyelala na kitu mkononi, na jani la mgomba likaanguka mapajani mwake.

Alilifungua. Wali ulikuwa umechacha, umebeba alama za vidole vya marehemu.

"Liweke chini hilo," alisema Mzee Kuno.

"Ni langu."

"Ni la maiti! Tangu lini mtu akalishwa na maiti?" Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, na haikuwa kwa hasira peke yake. "Nitasema nilichokiona, mwanamke. Ulimpa dawa yako, akafa, hujamfunika uso ukala ukaingia nyumbani. Ukilitia kinywani umejishuhudia mwenyewe. Sitahitaji shahidi mwingine."

"Mwanahamisi," Hiribae alisema polepole. "Usile. Atakufanyia alivyosema. Nenda, nitakupeleka Kipini leo hii. Sitaki uingie nyumbani kwangu kwa njia hii."

Mwanahamisi alimtazama kwa mara ya kwanza bila kujificha, uso mzima, macho kwa macho, kama alivyotamani kumtazama siku zote tatu za mtumbwi.

"Aliliweka usiku kucha," alisema. "Hata alipokuwa akimwita dada yake, hakuliachia."

Akaligeukia jani, akasema Bismillahi, akalitia tonge kinywani na jani akaliacha mkekani.

Lilikuwa chungu. Alilitafuna polepole, hakutema hata punje, akalimeza. Mmoja wa wale wanawake alianza kulia kwa sauti, na haikujulikana anamlilia nani.

"Nina kiu," alisema Mwanahamisi. "Nipeni maji ya nyumba hii."

Mzee Kuno alikuwa bado amesimama mbele ya mtungi. Hiribae alinyanyuka kutoka miguuni pa mama yake, akamwendea, akasimama karibu naye, kichwa chake safari hii hakikuinama. Mzee alimtazama. Kisha alipisha, akaupita mkeka bila kukanyaga jani, akatoka nje.

Hiribae alichota kwa kata, akamletea. Mwanahamisi aliishika kata kwa mikono miwili, akanywa hadi tone la mwisho, na alipokuwa akinywa walimsikia Mzee Kuno uani akiwaita wanaume wa kijiji, jina kwa jina, waje wasikie alichokiona.